Wimbo Uliotobolewa

Jumatatu, 3 Machi 1975

Leo tumepekuliwa mlangoni kwa mara ya kwanza. Askari wawili wa kiume, na mwanamke mmoja wa kutupapasa sisi wasichana. Mkoba wangu ulimwagwa mezani. Chapati zangu zilinyanyuliwa moja moja ili kitazamwe kilicho chini yake. Yote ni kwa ajili ya Jumamosi. Bomu lililipuka ndani ya basi la Mombasa pale kituoni, likaua watu ishirini na saba, na tangu hapo kila mtu wa pwani aliye Nairobi anahesabu jamaa zake. Wetu wote wako salama. Shangazi Saleha haamini bado. Kila anayebisha hodi, yeye hudhani amekuja na habari ya msiba.

Yeye ndiye aliyenipa daftari hili. "Yaandike, mwanangu," alisema. "Usinisimulie kila jioni. Moyo wangu hauna nafasi tena."

Basi naandika. Naitwa Mabruka, nina miaka ishirini na mbili, naishi na shangazi hapa Woodley, na natoboa kadi katika kampuni ya bima mjini, ghorofa ya nne. Naletewa karatasi za wateja, nazipiga kwenye mashine, mashine inatoboa matundu kwenye kadi, na kompyuta iliyo chumba cha pili inayasoma matundu yale kama kipofu anavyosoma kwa vidole. Tuko wasichana tisa. Msimamizi wetu ni Bi Virginia Kanyiva, Mkamba mrefu anayevaa viatu vya raba ili tusimsikie akija. Namwogopa kuliko wale askari.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Mvua haijafika. Tumepekuliwa tena.

Alhamisi, 6 Machi

Isaiah Odhiambo ndiye anayeiandikia kompyuta maagizo yake. Ni kijana wa Alego, mwembamba, tai yake imepinda siku zote, na hasalimii mtu. Tangu nianze kazi nilimwona mwenye kiburi. Leo, Bi Kanyiva akiwa ametoka kwenda kula, kaingia chumbani kwetu akauliza mbele ya wote:

"Nani hapa anajua wimbo ambayo haiko kwa rekodi? Wimbo ya nyumbani tu. Haina mwenyewe."

Wasichana wakacheka. Mimi, sijui nilipatwa na nini, nikasema ninao. Mama yangu akikuna nazi huvuma kwa pua wimbo usio na maneno. Hakufundishwa na mtu.

"Imba," akasema.

Nikauvuma. Hakucheka. Alifumba macho, vidole vyake vikawa vinagonga meza yangu. Nilipomaliza akasema neno moja tu: "Tena."

Jumatatu, 10 Machi

Sasa nimeelewa anachotaka, na kichwa kinanizunguka.

Isaiah alisoma Amerika mwaka mmoja na nusu. Anasema sauti ni mtetemo wa hewa tu, na mtetemo hupimika. Ukiupima mara elfu moja kwa sekunde, unapata nambari elfu moja. Na mwenye nambari anaweza kuirudisha sauti. Kubwa zaidi, ukizitunga nambari mwenyewe bila kupima kitu, utapata sauti ambayo haijapata kutoka kwenye koo wala chombo chochote. Kompyuta ndiyo hufanya hesabu hizo. Miaka kumi na minane iliyopita, huko Amerika, programu ya kwanza ya namna hiyo ilitoa muziki wa sekunde kumi na saba.

"Sekunde tu?" nikauliza.

"Sekunde kumi na saba, Mabruka! Unajua ni nambari ngapi hiyo?" Sikupata kumwona akitabasamu kabla ya leo. "Kuna watu walikuwa wanatoboa kadi, wanangoja mashine ipige hesabu, halafu wanabeba utepe kwa gari mpaka mji mwingine, kwa sababu mashine ya kugeuza nambari kuwa sauti ilikuwa huko pekee. Wakifika wanasikia makosa. Wanarudi. Wanaanza tena."

"Na hapa Nairobi, ya kugeuza iko wapi?"

"Hakuna. Naunda."

Akanionyesha. Ni mkebe wa biskuti wa bati. Ndani amepanga vijiti vidogo vya umeme na kuvilehemu, na nyaya nane zimetoka pembeni, kila moja na rangi yake. Nyaya nane kwa sababu utepe wetu wa karatasi una matundu manane kwa kila mstari. Mashine ya kusomea utepe husoma mistari elfu moja kwa sekunde. Inatosha sauti nzito, asema, kama ya mwanamume.

Anachotaka kwangu ni kadi. Kila noti ya wimbo wa mama ni kadi moja: inaanza lini, inadumu kiasi gani, iko juu au chini, ina nguvu gani. Na safu moja ina neno la Kiingereza, ATTACK, yaani shambulio.

"Hili la nini?"

"Ni vile sauti inaingia. Ngoma inaingia mara moja. Filimbi inaingia polepole. Ndiyo hiyo attack."

Meneja anajua? Anajua kuna "majaribio". Saa ya chakula kompyuta hukaa bure. Nimekubali. Kwa mara ya kwanza tangu bomu lilipuke, leo nimekula chakula changu chote.

Jumatano, 12 Machi

Mjini wananong'onezana. Mbunge mmoja amekutwa amekufa, na wanafunzi wa chuo wameandamana. Maduka ya Biashara Street yamefungwa mapema. Shangazi amenikataza kutaja jina la mtu yeyote nje ya nyumba, hata la kwetu.

Ijumaa, 14 Machi

Bi Kanyiva amenifuma. Sikumsikia, ni vile viatu. Alikuwa nyuma yangu, kimya, kwa muda nisioujua.

"Hizi ni za mteja gani?"

"Ni majaribio ya Bwana Odhiambo."

Akachukua kadi moja akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Yeye husoma matundu kwa macho, hahitaji mashine. "ATTACK," akasoma, polepole. Akanitazama mimi, akaitazama kadi, akairudisha mahali pake. Akaenda zake.

Heri angenigombeza.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua! Imenyesha tangu asubuhi, masika yameanza. Saa ya chakula kompyuta imetoboa utepe, mita kwa mita, na mashine ya kuchapa ikatoa kurasa na kurasa za nambari. Isaiah alikuwa akizipekua kama mtu asomaye barua. Zenye makosa alizitupa kwenye gunia la taka.

Alhamisi, 20 Machi

Nina mkebe chumbani mwangu. Niandike yalivyokuwa, pengine kuandika kutanituliza.

Mkebe ulikuwa umeingia ofisini kabla ya mambo ya bomu. Sasa askari wameanza kufungua makabati yetu tukiwa tumetoka. Isaiah anakaa Kinoo, na kila jioni basi lao husimamishwa kwenye kizuizi, watu wanateremshwa, mizigo inafunguliwa. Kwa hiyo hawezi kuuacha ofisini, wala hawezi kuupeleka kwake.

"Woodley hakuna kizuizi," aliniambia. Alikuwa akitazama chini. "Ni siku chache tu. Ikitulia tutaufunga kwa mashine, tusikie. Lakini ukiogopa sema, sitakulaumu."

Niliogopa, na sikusema. Wanaotoka jioni hawapekuliwi. Niliufunga mkebe kwa kitambaa cha kichwa nikauweka chini ya sweta mkobani. Kwenye kituo cha basi nilimwona askari akizungumza na kondakta, nikashindwa kupanda. Nimetembea kwa miguu hadi Woodley, Ngong Road yote, mvua inanipiga. Kila gari lililopunguza mwendo lilinikata pumzi. Karibu na makaburi mwanamke mmoja aliniita kunipa hifadhi chini ya mwavuli wake, nami nikakimbia, nikimkimbia mtu mwema.

Shangazi aliponiona nimerowa aliniuliza kwa nini sikupanda basi. Nikamwambia lilijaa.

Jumanne, 25 Machi

Wiki ya Maulidi. Nyumba imejaa wanawake, harufu ya udi, sauti nzuri. Mimi nilikaa nimeegemea mlango wa chumba changu ili mtoto asiingie. Mkebe hauna saa ndani, najua hauna. Lakini nausikia.

Jumatatu, 31 Machi

Pasaka. Ofisi imefungwa. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Wamemchukua Isaiah.

Saa nne asubuhi waliingia wanaume watatu wa makoti. Hawakumuuliza mtu njia. Walikwenda moja kwa moja kwenye meza yake. Yeye alikuwa amesimama, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Kupitia kioo nilimwona akisema kitu, akanyamazishwa kwa mkono. Walichukua droo nzima nzima, kadi, daftari, hata picha ya mama yake Philister iliyokuwa juu ya meza. Wakati wanamtoa aligeuka upande wetu, halafu haraka akatazama ukutani, ili wasione anamtazama nani. Kalamu ilianguka kutoka sikioni. Mmoja wao aliikanyaga.

Kisha tukaitwa, mmoja mmoja, katika chumba cha meneja. Aliyeketi pale ni Inspekta Wanjugu, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole. Kama angefoka ningevumilia zaidi. Mbele yake palikuwa na karatasi moja yenye madoa ya mafuta na chumvi.

"Konstebo wangu alinunua njugu River Road," akasema. "Amekula njugu, akasoma karatasi. Wewe soma."

Niliifahamu. Ni ya mashine yetu ya kuchapa, moja ya zile zenye makosa. Taka za ofisi huuzwa kwa gunia, na wauza njugu huzinunua za kufungia. Ukurasa mzima, juu hadi chini: ATTACK, TIME, nambari. ATTACK, TIME, nambari.

"Ni mara hamsini na mbili," akasema. "Nimehesabu. Shambulio hamsini na mbili, na kila moja iko na wakati yake. Hizi kadi zimetobolewa na mashine namba sita. Namba sita ni nani?"

"Ni mimi, bwana."

"Ulijua ni za nini?"

Hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa na jibu kamili. Ningesema: ni wimbo wa mama yangu, Waridi binti Mabruki, anaouvuma akikuna nazi. Lakini nilitazama mikono yake iliyotulia mezani, nikafikiria watu waliochukuliwa mwezi huu na hawajaonekana. Nikasema:

"Hapana, bwana. Mimi natoboa ninacholetewa."

"Kuna kitu kingine alikupa? Kuweka?"

"Hapana."

Akanisogezea karatasi nitie sahihi. Jina langu limepanda juu ya mstari.

Nimefika nyumbani, nimetapika, nimeandika. Mkebe uko chini ya kitanda ninachokalia.

Jumatatu, 7 Aprili

Meza yake imepewa mtu mwingine. Hakuna aliyetaja jina lake kutwa. Karatasi ya njugu haikuwa na jina lake, nina hakika ni Bi Kanyiva aliyewapa habari. Nani mwingine aliisoma ile kadi?

Jumanne, 8 Aprili

Gari jeupe limesimama ng'ambo ya nyumba yetu, asubuhi na jioni.

Jumatano, 9 Aprili

Gari ni la jirani. Limeharibika.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilirudi kazini nikamkuta shangazi ameketi juu ya kitanda changu. Mkebe uko wazi magotini pake.

"Mabruka. Hiki n'nini?"

"Ni cha muziki, shangazi."

"Muziki hauna nyaya."

"Redio ina nyaya."

"Redio najua inakotoka!" Alikuwa ameushika mkebe kwa mikono miwili. "Watu wamekufa ndani ya basi la kwetu, wewe waniwekea hiki chini ya paa langu? Twende bwawani sasa hivi. Kitupwe, tumalize."

Nikamweleza yote, mpaka sahihi yangu. Nikalia. Hakuelewa habari ya nambari, na simlaumu. Akauliza, "Wimbo gani huo uliowatia balaa lote hili?" Nikauvuma, kwa sauti ndogo.

Akanisikiliza. Uso wake ukabadilika. Mama ni mke wa nduguye. Wamekuna nazi pamoja miaka mingi.

"Huo ni wa Waridi," akasema.

"Ndiyo."

Kisha akafunika mkebe. "Sasa nitamtupaje Waridi bwawani? Kirudishe chini ya kitanda. Na ulie polepole, majirani wasisikie."

Jumapili, 13 Aprili

Nimewaza kuichoma shajara hii. Nimeshika kibiriti mara mbili.

Jumatatu, 14 Aprili

Bi Kanyiva amenifungia katika stoo ya kadi, mimi na yeye, akasimama amezuia mlango. Nilidhani mwisho wangu umefika.

"Wewe unafikiri ni mimi nilimpeleka," akasema.

Nikarudi nyuma hadi kwenye rafu.

Akatua kiondo chake, akaondoa mipira ya sufi ya kufumia, na chini yake akatoa gurudumu la utepe wa karatasi. Ule utepe. Wimbo mzima.

"Askari wa mlangoni alinipigia simu wakipanda ngazi. Nilikuwa na dakika moja. Nilichukua hii, ile ingine nikashindwa."

"Ulijua ni nini?"

"Mimi najua kusoma kadi, Mabruka. Na niko na masikio. Nyinyi mlikuwa mnaimba hapo kila lunch kama ndege, mnafikiri hakuna mtu anasikia." Akaketi juu ya sanduku. Sikupata kumwona ameketi saa za kazi. "Mwaka hamsini na tatu, wakati wa Mzungu, walichukua bwanangu. Walipata barua kwa koti yake, ya padre. Ilikuwa Kilatini. Hakuna mtu alijua kuisoma, basi wakasema ni ya siri. Mimi nilijua ni ya padre. Nikaambiwa nyamaza, ukinyamaza atarudi. Nikanyamaza."

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya paa la chini.

"Alirudi?" nikauliza, ingawa nilijua.

Akanipa utepe mkononi. "Sikulazimishi. Lakini hiyo kunyamaza, mimi nimeijaribu."

Miezi minane nimefanya kazi chini ya mwanamke huyu na nilichojua kwake ni viatu tu.

Jumanne, 15 Aprili

Sikwenda. Nilifika hadi kona ya kituo cha polisi, nikaona bendera, nikarudi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda. Shangazi amevaa buibui lake jipya, akasema, "Leo tutakwenda wawili, ukigeuka utanigonga mimi."

Inspekta Wanjugu alinikumbuka. Nikamwambia nilisema uongo tarehe nne, kwamba kadi ni wimbo, na kwamba kuna mkebe na uko nyumbani. Kusikia mkebe, wawili waliokuwa mlangoni walisogea nyuma. Tukapelekwa Woodley kwa Land Rover. Mkebe ulipoonekana chini ya kitanda, konstebo akakataa kuugusa, na mwenzake naye akasema subiri waje wataalamu. Shangazi Saleha akawapita, akapiga magoti, akautoa, akaupakata kama mtoto.

"Ni bati na nyaya," akasema. "Mkiogopa, kaeni nyuma ya gari."

Walikaa nyuma ya gari kweli.

Ofisini chumba cha kompyuta kiliondolewa watu. Tukabaki mimi, shangazi, Bi Kanyiva, inspekta na konstebo mmoja. Nikaomba Isaiah aletwe, yeye ndiye anayejua kufunga nyaya. Inspekta akatikisa kichwa. "Huyo hawezi kuja." Hakueleza.

"Sasa," akasema, "imba kwanza. Halafu mashine iimbe. Kama ni moja, nitajua. Kama si moja, pia nitajua."

Sijawahi kuuvuma wimbo ule mbele ya wanaume. Nilianza, sauti ikakatika. Konstebo akacheka kidogo. Shangazi akanishika mkono, nikaanza tena, nikafika mwisho.

Kisha nyaya. Isaiah alinionyesha mara moja tu: nyekundu huanza, nyeusi humaliza. Au nyeusi huanza? Nilifunga. Nikaunga mkebe kwenye redio ya meneja. Bi Kanyiva akatia utepe kwenye mashine ya kusomea, akabonyeza kitufe.

Kelele! Mngurumo wa kuchana masikio, kama mawe yanamwagwa juu ya mabati. Konstebo alijitupa sakafuni. Bi Kanyiva akazima. Inspekta hakusogea, lakini upole wote ulimtoka usoni.

"Hiyo ndiyo wimbo ya mama yako?"

Nikasema nyaya zimepinduka. Nikasema naomba mara moja tu. Nilizifungua zote nane, vidole vikiteleza kwa jasho, nikazifunga kinyume, nyeusi kwanza. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi bila kutoa sauti. Kama ingenguruma tena, ni mimi ndiye niliyekuwa nimempeleka Isaiah kaburini, kwa mikono yangu, kwa kutaka kumwokoa.

Bi Kanyiva akabonyeza.

Ikaimba.

Sauti nzito, ya chini, kama mtu anavuma ndani ya pipa. Haikuwa na pumzi wala midomo. Lakini ilipanda pale mama anapopanda, na ikateremka anapoteremka. Noti ya saba ilikwaa, kama mtu aliyemeza mate, kisha ikajiokota ikaendelea. Sekunde arobaini na tisa. Shangazi alifunika mdomo kwa buibui. Konstebo aliinuka taratibu, akabaki kinywa wazi.

Utepe ukaisha.

"Rudia," akasema inspekta.

Ikarudia. Safari hii alikuwa na ile karatasi ya njugu mkononi, akawa anafuata kwa kidole, noti kwa noti, hadi ya hamsini na mbili.

"Tarehe nne ulisema uongo."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Na leo?"

"Leo naogopa zaidi."

Akaandika, akafunga daftari. Akachukua mkebe, akachukua utepe. "Ni ushahidi," akasema. Nikauliza Isaiah atatoka lini. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Jumamosi, 19 Aprili

Hakuna habari.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuna habari. Mafuriko hadi Muthangari, watu wamebeba viatu mikononi. Nimepewa barua ya onyo. Bi Kanyiva pia amepewa, baada ya miaka kumi na moja ya kazi. Ameikunja akaitia kiondoni, chini ya sufi.

Ijumaa, 2 Mei

Kampuni imemwachisha kazi Isaiah kwa kutumia mashine bila idhini. Barua imetumwa Kinoo, kwa mtu ambaye hawajui kama yu hai.

Alhamisi, 8 Mei

Bi Kanyiva kapita nyuma ya kiti changu, kainama kama anayekagua kadi. "Ametoka jana," akasema. Nilitoboa kadi tatu zenye makosa.

Jumamosi, 10 Mei

Isaiah amekuja hapa Woodley, alasiri. Nilifungua mlango nisimtambue. Amevaa malapa ya raba, miguu imevimba, na alipanda vidaraja viwili vya mlangoni kama mzee. Hakusema walimfanya nini, nasi hatukuuliza. Shangazi alimwekea mto, akamwekea chai na mahamri, akamwita mwanangu.

Nikamwambia, kabla hajanywa, kwamba tarehe nne nilimkana.

"Najua. Walinisomea."

"Nisamehe."

"Ningekuwa wewe, pia mimi ningesema hivyo." Akatazama kikombe. Kisha akainua macho, nikaona alichokuja kukifuata kutoka Kinoo kwa miguu ile. "Mabruka. Iliimba?"

"Iliimba."

"Mimi sikuisikia." Alisema kama mtu anayeomba maji. "Mwaka mzima nimeunda hiyo kitu. Wamesikia polisi. Hebu niambie ilikuwa aje."

Nilijaribu. Nikasema nzito, nikasema pipa. Shangazi akasema ilikuwa kama Waridi akiwa na mafua. Akacheka, mara ya kwanza, akajishika mbavu. Nikamwambia noti ya saba ilikwaa.

"Ilikwaa vipi? Mwanzo wake ama mwisho?"

"Mwanzo."

"Ni attack. Niliifanya fupi sana. Nipe karatasi."

Sikuwa na karatasi ila hili daftari. Nikalifungua ukurasa wa mwisho nikampa. Alikuwa ameandika safu mbili za nambari gari liliposimama nje, injini ikinguruma. Shangazi akaenda kuchungulia pembeni mwa pazia.

"Simjui huyu," akanong'ona.

Isaiah alishusha kalamu. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu, na jasho limemtoka juu ya mdomo. "Tuwache," akasema. "Si lazima leo."

Gari halikuondoka. Nikaketi karibu naye, nikauvuma wimbo tangu mwanzo, polepole, ili aweze kunifuata. Nilipofika noti ya saba akaokota kalamu akaandika.